Asubuhi Bwamini, Mchana Ziwani

Kabla ya kupanda gari langu alilizunguka kwanza, polepole, kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliinama akatazama matairi, akagonga taa kwa kidole, kisha akaja dirishani kwangu, mimi dereva, na kuuliza swali lile lile la kila safari: "Shofele, ulikula?" Nikijibu kwamba bado, hatukuondoka. Abiria wangeweza kuwa wamekaa tayari, wameshiba sala na chai, mmoja amekwisha kulala. Yeye alifungua kikapu chake, akatoa ndizi ya kuchoma na yai, akasimama pale pale mpaka nimeze.

"Shofele mwenye njaa anaona kona moja, kumbe ziko mbili," alisema.

Nilimwendesha miaka tisa. Mjini Butembo walimwita Mama Gidi kwa sababu ya kazi yake ya kuongoza wageni: Wafaransa wanasema guide, sisi tukasema gidi, na jina likamganda. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja kwenye karatasi ya ruhusa na sitaliandika hapa. Kwao wapi, baba yake nani, sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia hayo. Nilijua alikuwa amefundisha shule ya msingi, ni mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, wakati mimi ni Mprotestanti wa kwaya. Tukipita mbele ya kanisa lake nilipunguza mwendo ili afanye ishara ya msalaba vizuri. Tukipita mbele ya letu, alinitazama akasema, "Na weye, fanya kitu basi, Mungu asifikiri tunapita tu."

Safari yake ilikuwa moja na ilimalizika siku moja. Kulipopambazuka tuliondoka Butembo, tukaanza na ile nyumba ya mawe yenye minara ambayo mzungu mmoja wa kahawa alijijengea kilimani, na ambayo watu wanaiita château. Kutoka hapo tulipanda milima ya upande wa Vuhovi hadi bwamini, kwenye makao ya zamani ya mwami, mtawala wa jadi. Baada ya hapo tulipita Kyondo, tukateremka ule mteremko mrefu mpaka Kyavinyonge, ufukweni mwa ziwa, tukala samaki, tukarudi jua likiwa bado juu. Wateja wake walikuwa kwaya, walimu, vikundi vya mama wa parokia, na watoto wa Butembo waliotoka Kinshasa au Ulaya kwa ajili ya arusi na wakataka kuona kwao kabla ya kupanda ndege.

Pale château wageni walitaka kusikia habari za mzungu: alikula nini, alilala chumba gani, mke wake alikuwa nani. Mama Gidi aliwaambia kwa maneno machache, kisha akaweka mkono ukutani.

"Huyu muzungu, jina yake iko mu mikanda, mu vitabu. Bale babebaka haya mawe ku kichwa, jina yabo haiko. Donc, ukigusa jiwe, salimia ule mwenye alilibeba."

Na watu waligusa. Niliwaona wanaume wa suti, wakubwa wa ofisi, wakigusa ukuta na kusema polepole, "Wasingya, wasingya," kama mtu anavyomshukuru mzee kwa Kinande.

Bwamini ilikuwa shida zaidi, kwa sababu huko hakuna minara. Kuna nyumba ya matofali yenye mabati yaliyoshika kutu, na nyuma yake uwanja wenye miti mikubwa mahali ilipokuwa nyumba ya nyasi ya zamani zaidi. Kijana mmoja wa Kinshasa, miwani myeusi, viatu vyeupe, alizunguka mara moja akarudi.

"Mama, palais yenyewe, nyumba ya mwami, iko wapi?"

"Kaa hapa," alimwambia.

Akawakalisha wote chini, kwenye majani, kimya. Baada ya muda kijana akaanza kunyoosha miguu na kuangalia saa.

"Batu balikuwa banakaa hapa siku tatu, bakingojea mwami asikilize neno yabo," Mama Gidi akasema. "Bengine balitoka mbali na muguu, na mbuzi, na mutoto mugonjwa. Weye unachoka mbele ya dakika kumi? Bon. Sasa inuka, umeshajua palais yenyewe iko wapi."

Kijana aliinuka, akapangusa suruali. Hakuuliza tena. Kwenye gari alikuja kukaa kiti cha mbele, karibu na Mama Gidi, na alishuka Butembo akiwa bado anamuuliza maswali.

Simu, Mama Gidi alizichukia kwa utaratibu wake. Hakukataza picha. "Kwanza macho, kiisha telefone," ndiyo ilikuwa sheria, na alisimama mbele ya wageni kama mwalimu wa darasa la tatu mpaka kila mkono umeshuka. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na simu mbili, na zote mbili zililia katikati ya maelezo yake, na zote mbili alizijibu. Alitukataza kutupa plastiki njiani, akamfanya mwalimu mkuu mmoja ashuke kuokota chupa yake. Yeye mwenyewe alitafuna mahindi ya kuchoma njia nzima, akatupa magunzi dirishani. Nilipomwambia, alishangaa kweli. "Ya muhindi? Ile ni ya mbuzi!"

Alikuwa hodari wa kusimulia, na nadhani kwa miaka kadhaa hodari kupita kiasi. Kulikuwa na hadithi moja ambayo wageni waliipenda kuliko zote. Alisema kwamba mwami mmoja wa zamani aliitwa na mkubwa wa wazungu, akaambiwa akae chini, akakataa, akabaki amesimama tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mama Gidi alipofika hapo alinyoosha mgongo, na watu walipiga makofi. Hata mimi niliyeisikia mara arobaini nilijikuta nimenyoosha mgongo kwenye usukani.

Siku moja mzee wa nyumba ile ya bwamini, mwenye fimbo na kofia ya sufu, alikuwa amesimama kwenye veranda akisikiliza. Makofi yalipokwisha alishuka.

"Mama, ile haikufanyika hivi," alisema bila ukali. "Alikaa chini. Batu yake bengi balikuwa bamefungwa kamba pale pale, na bazungu balimuambia: ukikaa, tunabafungua. Njo alikaa. Sisi kwetu hatuonee haya juu ya ile."

Nilitazama pembeni, kwa sababu sikutaka kuona uso wa Mama Gidi. Yeye, aliyekuwa amewafundisha watu miaka yote ile, alivua viatu, akamsogelea mzee, akapiga goti moja kama wanawake wa kwetu wanavyopokea kitu kwa heshima.

"Papa, nani alikuambia?"

"Baba yangu. Yeye alikuwa mu ile kamba."

Tangu siku hiyo hakusimulia tena ile ya kusimama. Na hakuishia hapo. Kila safari, kwa kila kundi, alisema, "Mbele nilikuwa nadanganya batu hapa, juu ya bongo yangu nzuri. Sasa sikiliza ile ya kweli." Alisema mwenyewe "bongo yangu", uongo wangu, mbele ya watu ambao hawakuwahi kumsikia akidanganya na wasingejua kamwe. Nilimuuliza kwa nini asisimulie tu ile ya kweli, bila kutaja ile ya uongo. Alifikiri tangu Kyondo mpaka kona ya kwanza ya mteremko.

"Kuna benye nilibapatia ile ya bongo, bakarudi nayo kwabo," alisema. "Siwezi kubafata wote. Nalipa kwa hawa."

Ule mteremko wenyewe ni lazima niuseme, kwa sababu hapo ndipo alipoacha kuongea. Unatoka kwenye baridi ya milima, maharage na viazi kila upande, koti mwilini, na ghafla nchi inaanguka mbele yako. Chini kabisa ziwa limelala, jeupe asubuhi, bluu mchana, na upande wa pili milima ya Uganda kama moshi. Abiria wote walisema "Eee!" kwa pamoja. Walivua makoti moja moja kadiri tulivyoshuka na joto lilivyopanda. Kwenye kona ya tatu alinigusa bega nisimame, watu washuke watazame. Yeye alibaki kwenye gari.

Nilichelewa kujua kwa nini. Mama Gidi, aliyewapeleka watu ziwani miaka tisa, aliogopa maji. Pale Kyavinyonge wageni walikimbilia ufukweni, wakavua viatu, wakapiga kelele kuona viboko wametoa masikio tu juu ya maji, wakawakimbiza korongo wakubwa wenye vipara wanaongojea matumbo ya samaki. Yeye alisimama hatua ishirini nyuma, juu ya mchanga mkavu, mkoba umebanwa kwapani, akieleza kwa sauti kubwa mambo ya ziwa kana kwamba lilikuwa kwenye ubao. Nilimuuliza mara moja. "Kila mutu na yake," alijibu, nikaacha.

Halafu ikaja ile siku ya mama wa Kasugho.

Lilikuwa kundi la mama wa parokia, na mmoja wao alikuwa ametoka Kasugho, huko kwenye misitu ya Lubero, kuwatembelea wanawe Butembo. Mama mzee, mfupi, kitambaa cha kijani kichwani. Hakuwahi kuona ziwa. Njia nzima aliuliza kama kweli huoni ng'ambo, na kama maji hayo yanalala usiku. Tulifika, tukala samaki na bugali, wakaimba, wakapiga picha. Saa nane Mama Gidi aliwaita, akapita kati ya viti akigusa kila kichwa kwa kiganja, kama alivyozoea. Kiti kimoja kilikuwa wazi.

"Mama wa Kasugho eko wapi?"

Kila mtu alidhani yuko na mwenzake. Tukashuka. Tukaita. Mmoja alisema alimwona akielekea majini, akiwa ameshika viatu mkononi. Mwingine akaanza kulia. Wavuvi wawili walikuja, wakatuonyesha kwamba kiboko mmoja alikuwa amesogea karibu na ukingo, mahali wanawake huteka maji, na wakatuambia tusitawanyike. Mimi nilikimbia mpaka mwisho wa nyumba za upande wa kushoto nikarudi.

Niliporudi sikumwona Mama Gidi juu ya mchanga. Alikuwa ndani ya maji. Yamemfika kiunoni, kitenge kimeelea kumzunguka, mkoba bado uko kwapani, anaita, "Mama! Mama weee!" na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Mvuvi mmoja alikuwa anampigia kelele atoke. Hakusikia. Niliingia na viatu vyangu, nikamvuta mkono.

"Niache. Nilimutoa kwabo, nitamurudisha kwabo."

"Mama, kiboko!"

"Ninaiona!"

Wakati huo huo mtoto wa kike alikuja akikimbia kutoka kwenye vibanda wanakokausha samaki. Kuna mama wa kitambaa cha kijani kule, alisema, hataki kuondoka.

Tulimkuta amekaa kwenye kigogo kati ya wanawake wa samaki, mikono wazi mpaka kwenye viwiko, magamba usoni, kisu mkononi. Walikuwa wanamfundisha kupasua samaki wa kukausha. Alikuwa amekwisha kupasua ndoo nzima. Alituona, Mama Gidi amelowa maji, mimi nimelowa, mama wengine nyuma wakilia, akashangaa.

"Mulianguka?"

"Mama," Mama Gidi alisema, "tulikutafuta!"

"Niko hapa. Nitarudi Kasugho niseme niliona maji tu? Hata mbuzi inaona maji. Nilitaka nijue kazi yabo."

Mama Gidi alikaa chini pale pale, kwenye magamba. Nilifikiri amezimia. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuweza kuacha, na wanawake wa samaki nao wakashika, na mwishowe kundi zima lilikuwa linacheka mbele ya vile vibanda kama watu waliokunywa pombe ya kasiksi. Alipopata pumzi alimwambia yule mama mzee neno moja tu: "Siku ingine, unaaga." Akampangusa magamba usoni kwa ncha ya kitenge chake kilicholowa.

Tulipanda mlima nimempa koti langu. Tulipofika kwenye baridi aliniita.

"Shofele."

"Mama."

"Maji ya kule iko moto-moto. Hakuna mutu aliniambiaka."

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo aliogelea. Safari iliyofuata alisimama hatua ishirini nyuma, mkoba kwapani, kama kawaida.

Kisha njia zikaharibika, na sisemi matope. Kila wiki habari ilikuja ya mahali fulani palipovamiwa, na wateja walipungua, na siku moja hakukuwa na safari tena. Mama Gidi alihamia Beni kwa binti yake, kumsaidia kulea wajukuu. Mimi nilibaki kubeba watu na mizigo palipopitika. Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu.

Asubuhi moja alinipigia siku isiyo ya sikukuu. Alisema watu wa mtaa wao wanakimbia, wengine kwa miguu, na binti yake hana namna.

"Kuya na gari utukamate, Shofele. Siye na batoto tatu. Turudi Butembo."

Nilikuwa nimekaa kwenye gari, pale parking. Siku mbili kabla yake dereva mwenzangu alikuwa ameuawa kwenye njia hiyo hiyo. Nilimjua, nilijua watoto wake. Mdomo wangu ulisema kabla yangu.

"Mama, gari imekufa. Ni moteur."

"Bon," alisema. "Hapana kitu. Salimia mama ya batoto."

Kesho yake nilipiga, simu zote mbili zilikuwa zimefungwa. Wiki iliyofuata habari ikafika kwamba mtaa wao umeshambuliwa, nyumba zimeungua, na mfanyabiashara mmoja aliyetoka Beni akasema wamekufa wengi, na kati yao yule mama mzee aliyekuwa akitembeza watu. Nilimwambia mke wangu habari ya kifo. Habari ya moteur, ule uongo wangu wa injini, sikumwambia. Nilikaa hivyo karibu mwaka. Nilifika kanisani, nikasimama kwenye kwaya, nikafungua mdomo, na sauti haikutoka vizuri. Mwalimu wa kwaya alidhani ni kifua, akaniambia ninywe tangawizi.

Njia ilipotulia kidogo nilimwambia mke wangu naenda Beni kuwapa pole wana wa marehemu, hata kama nimechelewa. Nilipakia gunia la viazi vya Lubero. Mtu hafiki matangani mikono mitupu. Nilimaliza njia yote nikipanga maneno ya kumwambia binti yake: kwamba gari lilikuwa zima, kwamba mimi ndiye niliyekufa siku ile.

Parokiani kwao niliulizia nyumba ya marehemu. Mama mmoja aliyekuwa akifagia aliniangalia kwa ajabu, akanielekeza nyumba ya mabati mapya, ya tatu baada ya kisima. Niliweka gunia begani, nikabisha.

Alifungua yeye mwenyewe. Amekonda, amevaa miwani, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinitazama, akatazama gunia.

"Shofele! Ulikula?"

Gunia lilinishuka begani, sijui namna gani. Viazi vilimwagika mpaka kisimani na watoto wakavikimbilia. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango.

"Balituambia ulikufa, Mama."

"Walisema kweli kwamba nyumba ilikufa. Siye tulitoka mbele. Kuna mwenye lori ya mbao alitukamata, tukavuka mupaka, tukakaa Uganda kwa dada ya mukwe. Telefone zilianguka njiani, na namba zako zilikuwa mule." Akatazama viazi. "Donc, hii ni ya matanga yangu?"

"Njo hivyo, Mama."

"Bon. Tutaikula."

Alinikalisha. Binti yake aliwasha moto. Nilijaribu kunyamaza, nisiharibu, lakini niliona kwamba nikiondoka hapo na neno lile moyoni nitakufa nalo.

"Mama, ile siku. Gari haikuwa imekufa."

"Ninajua."

"Unajua?"

"Nilisikia moteur, Shofele. Ilikuwa inaunguruma mu sikio yangu. Uliniambia imekufa, na yeye inaimba."

Nilifunika uso. Aliendelea kumenya viazi.

"Nilikasirika. Siku mbili, tatu. Nilikutukana na Kinande, ile ya kweli. Kiisha nikafikiri: huyu ana batoto bane. Kama angekuya, na jambo limpate njiani, ningefika kwa muke yake niseme nini?" Alinipa kisu kingine na kiazi. "Uliogopa. Na miye naogopaka. Menya, batoto beko na njaa."

Nilimenya vibaya, nikakata nusu ya kiazi pamoja na ganda, na binti yake alicheka. Tulikula. Wajukuu walinionyesha kovu moja na jino moja lililotoka. Aliniuliza habari za kila mtu Butembo, mmoja mmoja, na nilimjibu, na wakati wote huo nilihisi kitu kikishuka mabegani, kama makoti yale ya abiria kwenye mteremko wa ziwa.

Aliniharakisha niondoke jua likiwa bado juu. Katikati ya njia, kwenye kizuizi, askari kijana alisimamisha gari. Alichungulia ndani, akaona viti vitupu vyote, kisha akaniona mimi peke yangu kwenye usukani, nalia na kucheka.

"Papa, kuna nini? Unabeba nini?"

"Hapana kitu, chef," nilimwambia. "Kuna mutu wangu mumoja. Hakukufa."

Alishusha kamba ya kizuizi.

"Basi pita, Papa," alisema. "Pita muzuri."